Kizibao Chini ya Shati la Bluu

Kwa miaka ishirini na sita Fundi alikuwa akipima watu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kudanganya hata nusu sentimita. Mwanamume aliyetaka kuambiwa kwamba kiuno chake bado ni kile cha ujana alisomewa namba yake kwa sauti, mbele ya wateja wengine, na akitaka kununa anune. "Mimi nashona, sibembelezi," Fundi alikuwa akisema, watu wakacheka, na suruali zao zikawakaa vizuri. Uongo wake wa kwanza aliuanza akiwa na miaka hamsini na moja, siku ya kumi tangu binti yake wa darasa la sita alipoamua kumpima yeye.

Kama tunatafuta wa kumlaumu, mambo yalianzia shuleni, kwa mwalimu wa sayansi. Watoto walimwita Mwalimu Umejuaje, maana humwambii kitu asikuulize umejuaje. Useme maji ya mtoni ni safi, umejuaje? Useme kuku anaona gizani, umejuaje, umewahi kuwa kuku? Darasa zima liliangua kicheko, lakini kesho yake lilirudi na majibu. Muhula ule aliwapa mradi. Kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani, akipime siku thelathini, saa ile ile, kwa kifaa kile kile, aandike namba katika daftari na asifute. Namba ikikukera, iache ikukere. Kosa linaandikiwa pembeni. Mwisho wa siku thelathini wazazi wangeitwa, kila mtoto abandike grafu yake ukutani, na wenzake wamhoji. Na chini kabisa ya karatasi ilikuwa lazima kujibu swali moja: Kitu gani kingeweza kunidanganya?

Wengine walichagua maji ya pipa. Wengine kivuli cha nguzo ya umeme. Binti wa muuza mayai, aliyekaa dawati moja na binti wa Fundi, alichagua mayai, na nani angemshangaa. Binti wa Fundi alirudi nyumbani, akaweka mkoba juu ya meza ya kukatia, akaivuta tepu kutoka shingoni mwa baba yake.

"Baba, simama wima."

"Kulikoni, Bi Maswali? Unanishonea suti?"

"Nakupima kifua. Ni mradi wa sayansi."

"Humu ndani kuna cherehani, kuna pasi, kuna mama yako. Umekosa kitu cha kupima ila mimi?"

"Hivyo havibadiliki," alisema mtoto, tayari amekwisha kuizungusha tepu. "Wewe unabadilika."

Mama yake, aliyekuwa akikunja nguo mlangoni, aliinamisha uso. Fundi alisimama wima. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kupima, tangu akiwa na miaka saba: tepu ipite chini ya makwapa, isilegee nyuma, na mbele uingize vidole viwili ili mtu aweze kupumua ndani ya nguo yake. Vidole viwili vya Bi Maswali vilikuwa vyembamba na vya baridi. Alisoma: themanini na saba. Kisha akafungua daftari kubwa la vipimo vya wateja, ukurasa wa baba yake, ambao Fundi aliuandika mwaka uliopita alipojishonea shati la bluu. Kifua: tisini na nane.

"Hmm," alisema Bi Maswali, kama daktari.

Na daktari wa kweli alikwisha kusema yake wiki mbili kabla. Alikuwa kijana mpole, akavuta kiti karibu, akaeleza kwamba uvimbe ulikuwa tumboni na ulikwisha kwenda mahali ambapo kisu hakifiki. Wangempa dawa za maumivu. Fundi aliuliza kama atafika mwisho wa mwaka, na yule kijana akatazama mikono yake mwenyewe. Njiani Fundi na mkewe walikubaliana, au tuseme Fundi alikubaliana na nafsi yake na mkewe akachoka kubishana: mtoto asiambiwe mpaka shule zifungwe. Kwa sasa baba anaumwa na tumbo, anatumia dawa, anaendelea vizuri. Basi.

Mpango ulikuwa mzuri kabisa, ila haukuihesabu tepu.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kwenda shule, Bi Maswali alimpima. Shati lilikuwa lile lile la bluu, kwa sababu mtoto aliagiza liwe lile lile, asije akapima nguo badala ya mtu. Lilifuliwa jioni, likapigwa pasi alfajiri. Themanini na saba ikawa themanini na sita. Siku ya saba, themanini na tano. Siku ya tisa alisoma themanini na nne, akaizungusha tepu upya, akaingiza vidole vyake viwili, akasoma themanini na nne. Akaandika. Kisha akasukuma kikombe chake cha chai katikati ya meza, na mkate wake, asiuguse.

"Mama anasema unaendelea vizuri," alisema. "Amejuaje?"

Fundi alicheka. Kicheko chenyewe kilimtoka vibaya, akakimalizia kwa kukohoa. "Mama yako anajua kila kitu, hujui?"

Mtoto hakucheka. Alitoka na mkoba wake bila kuweka kitu mdomoni, na Fundi alimtazama akivuka barabara, mabega yamemshuka, mtoto wa miaka kumi na miwili anatembea kama mtu anayerudi kazini. Jamani! Maumivu ya tumbo alikuwa amekwisha kuyazoea. Haya hakuyaweza.

Mchana huo alikishona kizibao.

Simtetei, lakini lazima niseme alikishona kwa ustadi. Alichukua bitana ya koti la zamani, akakata kizibao kisicho na mikono, kifupi, makwapa yamekatwa chini ili kisichungulie. Kati ya bitana mbili akatandaza pamba, akaipigia mistari myembamba kwa sindano isije ikajikusanya. Mtu anayejua vitambaa anajua kwamba tabaka nene la aina hiyo, likimzunguka mtu mzima, huongeza sentimita moja hivi. Kingo alizikondesha ziishie polepole, mkono wa mtoto usigundue mahali nguo inapoanzia. Mbele, penye vile vidole viwili, aliacha pamba nyembamba. Nene aliipeleka mgongoni. Alipokivaa na shati la bluu juu yake, akajitazama kwenye kioo cha wateja, alimwona mwanamume aliyepata nafuu kidogo.

Siku ya kumi: themanini na tano.

"Imepanda!" Bi Maswali alipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Akanywa chai, akala mkate wake, akala na wa baba yake.

Ungefanyaje wewe? Siku ya kumi na tatu Fundi aliongeza tabaka. Siku ya kumi na sita akaongeza jingine, na siku nyingine ikabidi aongeze mawili, maana yeye mwenyewe chini ya pamba alikuwa akiendelea kwisha na ilibidi kizibao kikimbie kuliko ugonjwa. Akili yake yote ya kazi aliimalizia humo. Wateja walisubiri nguo zao, na wakiuliza aliwaambia uzi umekwisha.

"Umewashonea mabwana harusi," mkewe alimwambia siku moja, akimfuta jasho, kwa kuwa joto la ndani ya kile kitu lilikuwa la kuua mtu. "Umewashonea mahakimu. Sijawahi kuona umejitesa hivi kwa nguo ya mtu."

"Anakula. Humwoni anavyokula?"

"Namwona. Jana alimwambia muuza maziwa kwamba baba yake amepona na anazo namba. Nilikuwa nimesimama pale pale na kopo langu, nikatamani ardhi inimeze. Na siku namba zikimgeukia utampa nini, Fundi? Utamshonea nini siku hiyo?"

Fundi alikivua kizibao. Akachukua sindano.

Kitu kimoja tu hakukipigia hesabu. Bi Maswali, kila akitoka shule, alikuwa na desturi ya kuja nyuma ya kiti cha cherehani, kumkumbatia baba yake, na kuweka kidevu chake begani kwake huku akitazama sindano ikipanda na kushuka. Sasa hilo halikuwezekana, maana angeipapasa pamba. Mara ya kwanza Fundi alisema, angalia, nina pini kifuani. Mara ya pili akasema nina jasho. Mara ya tatu mtoto alisimama nyuma ya kiti, akangoja kidogo, akaenda kukaa kwenye kigoda cha wateja. Baada ya hapo hakujaribu tena. Fundi aliendelea kushona, na mshono ule ukaenda upande, ikabidi aufumue.

Siku ya thelathini kifua chake kilisoma tisini na moja.

Mama hakwenda shuleni. Alisema hana uso wa kwenda kukaa pale. Fundi alikwenda peke yake, taratibu, akipumzika kwenye kila ukuta wenye kivuli, shati la bluu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu, na kuta zote za darasa zilikuwa zimejaa manila zenye mistari ya rangi. Ya Bi Maswali ilikuwa karibu na dirisha. Mstari wake mwekundu uliteremka kwa siku tisa, kisha ukapanda mpaka mwisho bila kugeuka nyuma. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa: BABA YANGU ANAPONA.

Binti wa muuza mayai alitangulia. Mayai yake yalikuwa yamepungua sana wiki ya tatu, na wenzake walimhoji bila huruma. Uliyahesabu kabla au baada ya mama yako kwenda sokoni? Mbwa je? Hatimaye alikiri kwamba huenda mbwa alihusika, akaandika "mbwa" kwenye swali la mwisho, na darasa zima pamoja na wazazi likacheka mpaka machozi. Hata Fundi alicheka, akiwa ameshika tumbo lake.

Kisha akasimama binti yake. Alieleza vizuri, Mungu amweke. Alieleza saa, tepu, na vidole viwili. Alieleza kwamba mwanzo aliogopa lakini hakufuta namba hata moja. Aliposema, "Na baba yangu mwenyewe yupo pale, mnaweza kumwona," watu waligeuka na kupiga makofi, na Fundi akapunga mkono, na jasho likamtiririka mgongoni ndani ya pamba.

"Swali la mwisho hujalijaza," alisema Mwalimu Umejuaje. "Kitu gani kingeweza kukudanganya?"

"Nimefikiri sana, Mwalimu, sijakiona."

"Basi tumsaidie mwenzetu."

Binti wa muuza mayai aliinua mkono. Hakuwa na ubaya wowote. Yeye aliulizwa kuhusu mbwa, sasa ilikuwa zamu yake kuuliza. "Ulipima juu ya nguo au juu ya ngozi?"

"Juu ya shati. Lakini lile lile kila siku, hilo alilovaa."

"Na ndani ya shati alivaa nini?"

Bi Maswali alifungua mdomo kujibu. Kisha akaufunga. Alimtazama baba yake kule nyuma, na Fundi akajua kwamba sasa hivi mtoto anaona kila kitu: shati lililofungwa mpaka shingoni wakati wa joto, pini, jasho, kigoda cha wateja. Fundi angeweza kusema neno. Neno moja tu, fulana, kila mtu angeridhika. Alilifikisha mpaka kwenye meno, lakini ulimi ulimkatalia.

Mwalimu alikuwa mtu mzima. Alimtazama yule mwanamume, akaitazama shingo yake iliyokonda ikiwa imechomoza kwenye kifua kipana vile, na uso wake ukabadilika. "Vizuri sana," alisema haraka. "Tumpigie makofi, anayefuata aje."

"Subiri, Mwalimu," alisema Bi Maswali. "Sijajibu."

Akageukia karatasi yake, akachukua kalamu ya wino, na pale chini palipokuwa patupu akaandika, polepole, kwa mwandiko wake mzuri: Sikuangalia ndani ya shati. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Sijui kama baba yangu anapona. Sijui." Akaenda kukaa.

Walirudi nyumbani pamoja, yeye amebeba manila iliyokunjwa, baba akipumzika kwenye kuta zile zile. Mtoto alingoja kwenye kila ukuta bila kuuliza chochote. Bi Maswali bila swali! Fundi alitamani mtoto amtukane.

Chumba cha cherehani kilikuwa na mwanga mwingi wa alasiri. Mama alikuwa jikoni, akawaona wakiingia, akabaki huko huko. Bi Maswali aliichukua tepu mezani.

"Baba, naomba nikupime."

Fundi alifungua vifungo, kimoja kimoja. Alivua shati la bluu, akalitundika. Kisha akavua kizibao, akakishika mbele yake asijue akiweke wapi, na mtoto akanyoosha mkono akakipokea. Alikigeuza ndani nje, kama alivyofundishwa kukagua nguo. Akahesabu matabaka ukingoni kwa kucha yake. Yalikuwa kumi na mawili. Akapitisha kidole kwenye mistari ya sindano, akaangalia jinsi kingo zilivyokondeshwa.

"Umeshona vizuri," alisema.

"Nisamehe, mwanangu."

"Simama wima."

Alisimama. Tepu ilikuwa ya baridi kwenye ngozi. Ilipita chini ya makwapa, ikashuka kidogo kwenye mbavu, vidole viwili vikaingia, na vilipoingia Fundi aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata mbele ya daktari. Alitazama ukutani.

"Sabini na tisa," alisoma.

"Andika."

Aliandika. Hakufuta zile za juu. Alipiga mstari pembeni mwa namba zote kuanzia siku ya kumi, akaandika "na kizibao." Kisha akabaki ameinamia daftari.

"Mwalimu alituambia siku ya kwanza," alisema bila kuinua uso. "Namba ikishuka si kosa la anayepimwa. Baba, mimi nisingekukasirikia."

Hapo Fundi alikaa chini, kwenye kigoda cha wateja, bila shati, akalia mbele ya mtoto wake. Alilia kwa sababu ya maneno yale, na kwa sababu ya wiki tatu zile ambazo hakuguswa. Alipoweza kusema, alimwambia yote. Uvimbe. Mahali ulipokwenda. Kwamba hatapona.

Bi Maswali alisikiliza. Alikuwa amekikumbatia kile kizibao kifuani.

"Daktari amejuaje?"

"Alipima."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kwa mashine ile ile?"

"Ile ile."

"Pengine..." Alitafuta. Fundi alimwona akitafuta, macho yakienda huku na huku kwenye meza, kwenye mkasi, kwenye vipande vya vitambaa, mtoto aliyefundishwa kwamba daima kuna swali moja zaidi. "Pengine kuna kitu kilimdanganya. Umemuuliza? Kitu gani kingeweza kumdanganya?"

Fundi angetoa chochote ampatie hata mbwa mmoja wa kulaumiwa. Mikono yake ilikuwa mitupu juu ya magoti, na hapakuwa na kitu cha kushona.

"Nilimuuliza," alisema. "Hakuna, mwanangu."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, akaelewa. Akakiweka kizibao juu ya cherehani. Halafu akazunguka, akaja nyuma ya kigoda, akampitishia baba yake mikono yote miwili kifuani na kuweka kidevu chake begani. Mwaka uliopita mikono ile ilifika ubavuni tu. Sasa ilikutana mbele, vidole vikapitana, na ikabaki nafasi.

"Kesho saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Bila shati."

"Bila shati," alisema Fundi.